Vyura Kumi na Mmoja wa Mtoni

Leeds, Uingereza
9 Januari 1983

Dada Rosalia,

Shikamoo. Mwamkie na shemeji Alfonsi, na Feli mbusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Mie sijambo, ila theluji imeanguka tangu Jumatano na bomba la nyumba ninayokaa limeganda. Tunayeyusha barafu kwenye sufuria tupate maji ya chai.

Nakuandikia kwa shida ya ajabu kidogo, usicheke. Nahitaji vyura. Si wale wanaorukaruka barazani. Nataka wale wa madimbwi ya Mtoni, pale walipochimba mchanga, wenye ngozi ya kuteleza, macho juu ya kichwa na kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma. Hao wanaishi majini tu.

Nikueleze kwa nini. Yai la chura likishapata mbegu linagawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mpaka linakuwa kidonge chenye seli maelfu. Kwa macho zote zinafanana. Baada ya siku moja au mbili baadhi zimekuwa ngozi, nyingine uti wa mgongo, nyingine utumbo. Tunachokitafuta hapa ni kujua seli inaamua lini itakuwa nini. Mie nimepata kingamwili, kitu tunachokitengeneza kwa kutumia panya, ambacho kinanata kwenye utando wa nje wa seli za ngozi tu. Nikikipaka rangi na kutazama kwa darubini maalumu, ngozi inang'aa kijani na kwingine kote kunabaki kweusi. Na alama hiyo inatokea mapema, seli ikiwa bado haijabadilika umbo. Ukiitazama hivihivi huwezi kujua kuwa ni ngozi, ila utando wake umeshasema.

Profesa wangu ameipenda kazi, lakini yote nimeifanya kwa vyura wa Afrika Kusini wanaofugwa hapa maabara. Watakaonisahihisha watauliza kama ndivyo ilivyo kwa chura mwingine. Chura mwingine ninayemjua ni ndugu yake huyu wa Mtoni. Mwenzangu wa hapa, Elinaza, Mpare mmoja mtaratibu, anakuja Dar mwezi wa nne kumchukua mkewe. Atapita kwako. Nikipata kumi na wawili walio hai, mwaka wangu umepona.

Niambie habari za mwanangu Feli. Anaitazama ile picha yangu niliyoiacha juu ya kabati? Mwezi wa tatu anatimiza miaka minne. Nilimwacha hajui kutamka "r".

Mdogo wako,
Adelina


Temeke
6 Februari 1983

Mdogo wangu Adelina,

Marahaba. Barua yako niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea Alfonsi. Alicheka mpaka patasi ikamtoka mkononi. Alipomaliza kucheka akaacha kinyago chake akaenda kutafuta fito, sasa anasuka mgono kama ule waliokuwa wakitegea samaki Ruvuma. Anasema samaki akiingia na chura ataingia. Hija, jirani yetu wa nyumba ya pili, yuko machinjioni Vingunguti. Ameahidi kutuletea vipande vya ini visivyofaa kuuzwa, viwe chambo. Nimemwambia asipite navyo mchana mbele za watu, nyama yenyewe siku hizi inaliliwa, watu wakisikia tunawalisha vyura ini patakuwa na maneno. Na maneno yameshaanza. Jana bombani mmoja aliuliza mama Feli ana biashara gani na vyura.

Sukari tunapata kwa balozi wa nyumba kumi, kwa zamu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Lakini tunaishi.

Mtoto hajambo. Amerefuka, magauni ya mwaka jana yote yamempanda juu ya magoti. "R" anaitamka vizuri, tena kupita kiasi.

Jikinge na baridi, kifua chako nakijua.

Dada yako,
Rosalia


Leeds
27 Februari 1983

Dada Rosalia,

Shikamoo. Umenichekesha na nimehitaji kuchekeshwa. Mwambie shemeji Alfonsi mgono wake nitautaja kwenye tasnifu.

Wiki hii nimepata jambo kubwa, sina wa kumwambia anayenijua, kwa hiyo nakwambia wewe. Nilikata kipande kidogo sana cha seli zitakazokuwa ngozi, nikakihamishia kwenye kiinitete kingine, kile kidonge cha seli nilichokueleza, mahali patakapokuwa uti wa mgongo. Nikikihamisha mapema, kile kipande kinasahau. Hakioneshi alama ya ngozi hata kidogo, kinakuwa neva kama majirani zake. Lakini nikichelewa, saa chache tu, kipande cha aina ileile nikipeleke popote kinang'aa kijani. Kimeshakuwa kilivyo na hakigeuki. Kuna muda maalumu, dada, na mie nimeanza kuuona ulipo.

Sasa la pili. Elinaza na mkewe wanarudi huku mwanzoni mwa Mei. Nataka waje na Feli. Pasi nimeanza kuishughulikia na nauli ya mtoto nimeshaidunduliza. Nimefikiri sana na naona nisichelewe zaidi. Kwa kuwa Kamugisha hakurudi kutoka vita vya Kagera huyu mtoto hana baba, na mama yake yuko bara jingine. Mtengenezee nguo chache tu, za baridi nitanunua huku.

Tena nakukumbusha, hukunijibu habari ya picha.

Mdogo wako,
Adelina


Temeke
27 Machi 1983

Mdogo wangu,

Marahaba. Vyura wameanza kuingia. Juzi wanne, jana mmoja. Tumewaweka kwenye pipa lililokatwa nusu, nimefunika kwa chandarua kuukuu kwa sababu ya paka. Nilikuwa nawaogopa, sasa nimezoea. Wanasukumia chakula mdomoni kwa mikono kama watu waliokosa adabu.

Kwa upande wa safari haitawezekana. Mtoto ameshikwa na surua. Daktari amesema asisafirishwe mpaka apate nguvu, na ndege ina baridi. Usipate wasiwasi, tunamwangalia usiku na mchana.

Nimeirudia sana ile barua yako. Unaposema usichelewe, ulikuwa unasema vyura au ulikuwa unanisema mimi? Na kile kipande unachokikata, kile kiinitete ulikokitoa kinabaki hai? Hukueleza. Na kule unakokipandikiza, kikishashika, ukikitoa tena hawaumii wote wawili? Sikusoma kama wewe, lakini naomba unijibu hilo.

Rosalia


Leeds
12 Mei 1983

Dada Rosalia,

Elinaza amefika. Vyura kumi na mmoja wako hai kwenye lile debe lenye nyasi mbichi, mmoja alikufa njiani. Ahsante.

Barua yako ya Machi ilininyima chakula siku tatu. Nilipiga telegramu, ukanijibu maneno matatu: anaendelea vizuri usije. Nikamwomba Mungu. Nikaenda kanisa la huku ambako sijui hata nyimbo zao.

Jana Elinaza alikaa jikoni kwangu akinisimulia habari za nyumbani, na kwa nia njema kabisa akaniambia mwanangu ana afya. Alimkuta uwanjani anaruka kamba na watoto wa Hija. Hana alama ya surua wala dalili ya kuugua. Akamwita akamwambia ametoka kwa Adelina. Feli akamjibu, "Mama mdogo Adelina yuko Ulaya." Kisha akageuka akaita, "Mama, mgeni wako," na wewe ukaitika.

Elinaza hakujua amesema nini. Alidhani namlilia mtoto kwa kumkumbuka.

Nimetoa barua yako ya Februari nikaisoma upya. Mama Feli ana biashara gani na vyura. Niliipita ile sentensi kama kipofu.

Nilikuachia mtoto umlee, dada. Sikukupa.

Adelina


Temeke
10 Juni 1983

Adelina,

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Leo Alfonsi amenipa kalamu mkononi akaniambia andika au nitaandika mimi.

Surua haikuwepo. Nilisema uongo. Nilikwenda kanisani kwa ajili hiyo, lakini padri si wewe, kwa hiyo nakwambia na wewe.

Mengine nisikilize yalivyokuwa, maana hukuwepo. Ulipoondoka mwezi ule wa tisa, mwaka juzi, mtoto alikaa mlangoni. Hakulia, alikaa tu. Asubuhi anabeba kigoda chake anakwenda kukaa, jioni tunambeba. Alikataa uji, akakataa wali, akabaki anakunywa maji. Wiki ya pili mbavu zilionekana. Zahanati wakampima, hana malaria, hana minyoo. Ile picha yako nilikuwa nampa kila asubuhi kama ulivyoagiza, na kila akiipata anaitazama kisha anautazama mlango. Siku moja nikaificha kwenye sanduku chini ya kanga. Siku ile alikula nusu kikombe cha uji. Kesho yake kikombe kizima. Ulitaka nifanye nini, niirudishe?

Neno mama sikumfundisha. Alilisikia kwa watoto wa Hija, akanijia siku nachambua mchele, akasimama mbele yangu akauliza, "Mama yangu ni nani?" Nikamwambia mama yako ni Adelina, yuko Ulaya anasoma. Akafikiri. Akasema, "Basi na wewe ni nani?" Niliendelea kuchambua mchele, Ade. Tangu siku hiyo akaniita mama na nikaitika, na wewe akakuita mama mdogo. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, hilo unalijua, nyanya angekwambia. Lakini sijifichi nyuma ya hilo. Niliitika kwa sababu nilitaka. Wewe ulikuwepo nilipozika wangu wawili ambao hawakulia hata mara moja. Mkono wako ndio ulionishika.

Balozi alipoandika watu wa nyumba nikamwandikisha Felicitas Alfonsi. Shule ya watoto wadogo vilevile. Nalo sikukwambia.

Ulisema kuna muda maalumu, kabla yake kinasahau na baada yake hakigeuki. Niliposoma hivyo nilijua umenijua. Nikasema anataka kumchukua kabla hajawa wangu. Halafu nikahesabu miezi na nikaogopa kwamba umeshachelewa, na nikaogopa zaidi kwamba nilifurahi.

Picha iko juu ya kabati tena. Nimeirudisha leo.

Rosalia


Leeds
21 Agosti 1983

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua nne kabla ya hii na zote nimezichana. Mbili zilikuwa za matusi.

Nianze na lililo rahisi. Nilipoandika habari za kipande kinachosahau sikuwa nakusema wewe wala Feli. Naapa. Nilikuwa nimetoka maabara na furaha yangu, nikaiandika. Nilipoisoma barua yako ndipo nikaona nilichokuwa nimekiweka mbele yako, na chini yake nikaandika kwamba nisichelewe. Ningekuwa mimi ningeelewa hivyohivyo. Na mtoto si kipande cha seli, dada. Seli haiulizi wewe ni nani.

Vyura wa Mtoni walinitia wazimu. Majike wawili tu walitaga. Nilitia kingamwili kwenye viinitete vyao saa ileile ninayotia kwa wale wa Kusini, nikatazama, giza tupu. Nikamwambia profesa alama haipo, kazi imeharibika. Nikakaa uani kwenye ngazi sijui niende wapi. Kisha nikakumbuka kwamba kuna mayai niliyoyaacha kwenye bakuli bila kuyagusa. Nikayachukua saa sita baadaye, bila tumaini lolote. Yaling'aa, dada. Ngozi yote kijani, uti wa mgongo mweusi, mstari kati yao umenyooka kama umepigwa rula. Alama ilikuwepo, ila chura wetu anakwenda kwa saa zake. Mimi ndiye niliyetazama kwa haraka.

Sasa lililo gumu. Wewe umeungama, na mie nina langu. Mwezi wa pili, nilipokuandikia habari za Feli kuja, nilikuwa nimeshapewa miaka miwili zaidi huku. Nilikuwa nimeshasaini. Nilikwambia nisichelewe, sikukwambia sirudi. Nilitaka aje kwanza, ndipo nikwambie. Kwa hiyo na mie nilikuwa namwondoa kwako kimyakimya, tena mbali zaidi.

Niambie nifanye nini. Nakuuliza kwa dhati.

Adelina


Temeke
18 Septemba 1983

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sitakwambia ufanye nini na masomo yako, mie siyajui na wewe umeyatesekea. Nakwambia la upande wangu tu. Mtoto sitampa mtu mwingine mkononi, si Elinaza, si mkewe, si mhudumu wa ndege. Ukimtaka njoo mwenyewe. Ukija sitakuzuia mlangoni.

Nimeanza kumwambia. Kila jioni namwonesha picha namwambia huyu ndiye aliyekuzaa. Jana aliuliza kama inauma kuzaliwa.

Alfonsi ameulizwa na polisi kadi ya kazi mara mbili mwezi huu, njiani kwenda kununua mpingo. Mchonga vinyago hana mwajiri wa kumwandikia kadi. Mara ya pili walimweka kituoni mpaka balozi alipokwenda kumtetea. Anasema ni mchezo tu, lakini siku hizi hatoki bila kinyago mkononi cha kuonesha kuwa anafanya kazi.

Rosalia


Kinondoni
15 Januari 1984

Dada,

Shikamoo. Hija amekubali kukufikishia barua hii. Ni ajabu kukuandikia kutoka Kinondoni mpaka Temeke, lakini tukionana tunaishia kulia, na kuna mambo siwezi kuyasema huku Feli ananitazama mdomo.

Sijutii kuiacha ile miaka miwili. Nimepata shahada yangu, nimerudi, nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Chuoni darubini ya kutazama rangi ile hakuna. Nilikuja na chupa nne za kingamwili kwenye barafu, ziko kwenye jokofu la idara, na umeme ukikatika nakimbia nazo kutafuta jokofu lingine kama mwenda wazimu. Hayo ni yangu, nitayamaliza.

Feli ndiye sijui nimfanye nini. Tangu siku ile ulipomfungia nguo zake ukajifungia chumbani, hajalia. Ananiamkia, "Shikamoo, mama mdogo." Nikimwambia kula anakula vijiko vitatu, anashukuru. Furushi la nguo hajakubali nilifungue, amelikalia. Mie nilijiandaa kwa kilio na vurugu. Kwa adabu hii sikujiandaa.

Jumapili ulipokuja alikuwa mtoto kabisa, alicheka, alikupanda mgongoni. Ulipoondoka alitapika mpaka jioni.

Naomba jambo ambalo naona aibu kuliomba. Usije kwa mwezi mmoja. Mwezi tu. Nadhani akikuona anaanza upya kila mara.

Adelina


Temeke
17 Januari 1984

Ade,

Sawa. Sitakuja.

Uji wake unatiwa ndimu kidogo na chumvi, si sukari. Anaogopa koti jeupe. Ukimchana nywele anza na kisogo.

Rosalia


Ndanda, Masasi
20 Februari 1984

Mdogo wangu Adelina,

Utakuwa umekwenda Temeke ukakuta chumba kina wapangaji wengine. Nisamehe. Tulipanda meli mpaka Mtwara tarehe nne, na sasa tuko huku kwa wazazi wake Alfonsi. Bahari ilichafuka nikatapika njia nzima.

Watu wa Temeke watakwambia ni mambo ya Nguvu Kazi, ile amri ya kuwaondoa mjini wasio na kazi, kwamba Alfonsi hakuwa na kadi akaambiwa arudi shamba. Ni kweli walimwambia. Lakini alikuwa ameshapata karatasi ya ushirika wa wachongaji, tungeweza kubaki. Mie ndiye niliyesema tuondoke.

Nikueleze kwa nini. Uliniomba mwezi. Siku ya kumi nilitoka kwenda kutafuta mafuta ya taa, nikajikuta nimesimama Kinondoni kwenye kona ya mtaa wenu. Sijui nilifikaje, Ade, sikumbuki njia. Nikamwona anatoka na kopo la maji, anamwagilia kitu ukutani. Nikarudi nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu. Nilisimama pale mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikajua kwamba Temeke na Kinondoni ni karibu mno kwangu. Ningekuja kila siku kumi. Na yeye angetapika kila siku kumi.

Huku siwezi kufika kwa miguu, na mvua zikianza barabara haipitiki. Nimejiwekea mto Rufiji katikati.

Mtoto asiambiwe kwamba nimemkimbia. Mwambie nimeitwa shambani.

Rosalia


Kinondoni
1 Aprili 1984

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tano. Kabla haijafika nilikuwa nimekwenda Temeke na Feli, mwezi ulipotimia. Nilimchukua mwenyewe, nilitaka kukushtua. Alikimbia mbele akagonga mlango, akafungua mtu asiyemjua. Hija ndiye aliyetuambia. Tuliporudi Feli akachukua kigoda, akaenda kukaa mlangoni.

Dada, ulinisimulia jambo hilo kwa barua nami nililisoma nikiwa nimekaa juu ya kiti, sikulijua. Sasa nalijua. Nimelitazama siku sita. Siku ya sita niliacha kwenda chuoni, nikakaa sakafuni kando yake.

Nilimwambia kweli yote, siyo ile ya shamba aliyotuambia Hija. Nilisema, "Mimi ndiye niliyekuacha. Mama yako wa Temeke hakukuchukua kwangu, nilikuacha kwake nikaenda kusoma. Na sasa ameondoka kwa sababu nilimwambia asije."

Akaniuliza, "Ulimwambia asije?"

Nikasema ndiyo.

Akanipiga. Kwa ngumi, kifuani, mara nyingi, na hatimaye akalia, na alipolia nililia na mimi, mpaka mwenye nyumba akaja kusimama uani na ufagio. Alilala mapajani mwangu pale mlangoni. Alipoamka aliniambia ana njaa. Tangu siku ile hana adabu hata kidogo. Anajibu, ananuna, anamwaga chai. Furushi amelifungua mwenyewe. Nasikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Sitakuomba urudi, wala sitakuomba ukae. Ulichokifanya ni kikubwa na kilikuwa kosa, kama changu. Chupa zangu zimeharibika zote nne, umeme ulikatika siku mbili wakati nimekaa mlangoni. Nimeandika kwa profesa anitumie nyingine kwa nafasi yake. Wakati ninasubiri nafundisha, na nimeanza kuwafuga vyura wa Mtoni kwenye idara, Hija ananiletea chambo.

Likizo ndefu inaanza mwezi wa saba, barabara itakuwa imekauka. Tutakuja Ndanda, mie na yeye, kwa basi. Mie nitakaa wiki mbili. Yeye atakaa likizo yote, halafu nitamfuata, au utamleta mwenyewe na kukaa nasi kadiri utakavyo. Chumba cha pili kipo. Ya mbele ya hapo siyajui, tutayapanga tukiwa tumekaa pamoja, siyo kwa barua.

Feli amedai karatasi iliyobaki ni yake. Haya yanayofuata ni maneno yake, nayaandika kama anavyoyatamka.

Adelina

Mama,

Shikamoo. Mama ameniuliza barua ianze vipi, nimesema Mama tu. Mvua imenyesha Kinondoni, maji yaliingia mpaka chini ya kitanda na kiatu kimoja cha Mama kikaelea. Mie nimekasirika na wewe. Mama anasema hilo nisiliseme kwanza lakini nimelisema. Nimekasirika na Mama pia, si sana. Mama hajui kupika uji lakini sasa anatia ndimu. Tutakuja kwa basi, ni siku mbili, nitakaa dirishani. Mwambie baba Alfonsi asimalize kinyago chochote mpaka nione. Nikifika usijifungie chumbani. Mama analia ila anaendelea kuandika. Anasema karatasi imekwisha. Haijaisha, naiona.

Felicitas